Ziwa Litusubiri Kidogo, Shangazi

Nyumbani, kwenye meza ya jikoni,
Jumapili alasiri, mwezi wa saba.

Mpendwa wangu Shangazi,

Dakika hii hii huyu mwanangu Bibi amenipokonya karatasi niliyokuwa nimeandika "Mpendwa" tu, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaipigapiga kwa kiganja ili ilale vizuri, kisha akaenda kuiweka juu ya mto wangu na kusema, "Safi." Kwa hiyo hii unayosoma ni karatasi ya pili. Nilitaka kumgombeza, kicheko kikanizuia. Siku hizi kila kitu cha nyumba hii kinakunjwa. Taulo zimekunjwa, soksi za baba yake zimekunjwa, na juzi nilikuta kipande cha mkate kimekunjwa na kuwekwa kabatini na nguo. Ameiga kwangu, huko ninakokwenda kila asubuhi. Ni wapi, nitakuambia. Usiruke mistari, maana nakujua.

Kwanza shikamoo Shangazi wangu. Hujambo huko uliko? Goti lako linasemaje? Ulisema baridi ikizidi linakunyima kupanda ngazi, nami tangu siku hiyo kila nikiona ngazi nakukumbuka. Na mzee unayemtunza, yu hali gani? Bado anaficha miwani yake halafu anakusingizia wewe? Mpe salamu zangu, mwambie kuna mtu mbali huku anamwombea aione miwani kabla hujaingia chumbani.

Sisi ni wazima, kwa kweli Mungu ametuangalia. Bibi kile kikohozi kimemwachia kabisa, sasa kelele tu ndizo zimebaki. Mume wangu, Fundi wako, alikuwa na jino lililomtesa mpaka akawa anafunga mabomba ya watu huku ameshika shavu kwa mkono mmoja. Limeng'olewa, na tangu hapo analitaja kama mtu aliyerudi vitani. Baba, kaka yako, anakuja kila Jumamosi kuangalia kama ule mlango aliotutengenezea bado unafunga. Unafunga. Anakaa, anakunywa chai, anaufungua na kuufunga, anaondoka na furaha yake.

Huyu Bibi, Shangazi, sijui nikusimulie nini. Tulipompa jina la marehemu mama yako hatukujua kama tunajitafutia bosi. Hakuna anayethubutu kumwita kwa jina lile, ni Bibi tu, na kwa vile wewe kwenye simu unamwita Mama, basi ameshika kwamba wewe ni mtoto wake. Juzi kliniki mama mmoja alimuuliza una miaka mingapi, yeye akajibu kwamba ana mtoto yuko mbali, mtoto mkubwa, anafanya kazi, na goti linamuuma. Yule mama akanitazama mimi. Nikaangalia dari.

Sasa nije kwenye zile habari zako za ziwa.

Nataka kwanza ujue namna zilivyotufikia. Nilikuwa nafua, simu ikalia, nikajifuta mikono nikasoma ujumbe wako nimesimama. Umeandika kwamba umetuchukulia vyumba viwili kwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa, wiki ya kwanza ya mwezi wa nane, cha kwako na cha kwetu, vimepakana, milango inatazama maji, chakula ni cha hapo hapo, na umeshalipia kila kitu kwa hiyo nisianze maneno. Sikuanza maneno. Nilikaa chini sakafuni karibu na beseni nikaanza kulia. Fundi aliponikuta akavua kofia, akauliza kwa sauti ndogo ni nani aliyefariki. Nikampa simu asome. Akasoma, akakaa na yeye.

Maana sisi, Shangazi, unatujua. Sisi tukipanda gari ujue kuna msiba, harusi au mgonjwa. Safari ya kwenda kukaa tu, bila kubeba sufuria za watu, hatujawahi. Nilimuuliza Fundi huko mtu anafanya nini kutwa nzima, akawaza, akasema labda unaangalia maji mpaka chakula kiive. Bibi akataka kujua kama ziwa lina mfuniko, na mvua ikinyesha nani anawahi kulifunika. Fundi akamweleza kwa ufundi wake wote jinsi maji yanavyoingia upande mmoja na kutokea upande mwingine. Akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza bomba la kufungia liko wapi.

Na najua hiyo wiki ni nini kwako. Likizo unapata moja kwa mwaka, ungeweza kulala, ungeweza kwenda kokote na wenzako. Umechukua yote ukatupatia sisi. Tangu siku ya harusi yangu hujaniona kwa macho, na Bibi hujamshika hata siku moja. Kwa hiyo nikisema asante naona neno lenyewe fupi mno, kama kumfunika mtu mzima kwa blanketi la mtoto, miguu inabaki nje.

Ndiyo maana haya yanayofuata yameniwia magumu kuandika. Kaa chini, Shangazi. Si habari mbaya. Ni habari nzuri iliyokuja siku isiyo yake.

Nimepata kazi.

Kazi yenyewe ni pale hospitalini, chumba cha kufulia. Unakumbuka mwaka jana nilizunguka mji mzima nikiomba? Shule, hoteli, jikoni kwa watu. Kila mahali wananiuliza cheti, natoa kile cha darasa la saba, wanakitazama, wananitazama, wananiambia kwa upole kwamba watanipigia. Sikupigiwa na mtu. Nikasahau kama niliwahi kuomba. Basi mwezi uliopita simu ikalia, mtu anasema anapiga kutoka hospitalini. Nikafikiri ni Baba ameanguka na amelazwa huko. Akasema hapana mama, wewe ni wa kuja kujaribiwa Jumatatu, ukipita utaanza.

Tulikuwa wanawake kadhaa, tumepangwa ukutani. Msimamizi wao anaitwa Mama Pasi, jina la utani, lakini nafikiri hata mumewe anamwita hivyo. Hapandishi sauti. Anakuja, anakutupia shuka mikononi, anasema "Kunja," anasubiri. Na siyo shuka la kawaida, ni yale yenye lastiki pembeni kote ya kuvalisha godoro, yale ambayo ukishika kona hii ile inakimbia. Mmoja alilizungusha kama kilemba. Mwingine alilikalia lipungue. Mimi nikafumba macho, nikajiona niko chumba chako cha nyuma, ningali msichana mdogo, na wewe umesimama mlangoni. Unakumbuka ulivyokuwa unalikunjua lote na kunirudishia? "Hili ni shuka au ni mzigo wa kuni?" Nikaingiza mikono kwenye kona mbili, nikavalisha kona juu ya kona, nikaenda nyingine mbili, nikalilaza mezani, nikakunja.

Mama Pasi akaligeuza. Akapitisha kiganja juu yake kama anatafuta kokoto. Akaniuliza nani alinifundisha.

Nikamwambia ni shangazi yangu.

"Mwambie asante," akasema, akaenda kwa mwingine.

Basi asante yake ndiyo hiyo naileta. Wewe ndiye uliyenipeleka kazini, kwa hiyo hata ukikasirika itabidi ujikasirikie kidogo na wewe.

Acha nikusimulie kazi ilivyo ili uelewe ugumu ulipo. Chumba kimegawanywa kwa ukuta katikati. Upande mmoja ni wa machafu, upande mwingine ni wa masafi, na aliyeshika machafu haruhusiwi kuvuka huku bila kubadilisha nguo na kunawa. Mimi nimewekwa upande wa masafi. Shuka linatoka kwenye mashine ya kunyoosha likiwa la moto, na hapo wanatakiwa watu wawili. Mmoja ashike huku, mwingine kule, mnavuta, mnalikung'uta mara moja mpaka linalia pa, mnaendeana, unampa kona zako, unarudi kushika lililobaki. Kutwa nzima unamwendea mtu mmoja na kumrudia. Huyo mtu wako anaitwa pacha wako. Huchagui, unapewa, na hamwachanishwi, kwa sababu mikono ikishazoeana mashuka yanatoka sawa, na ukimweka mgeni yanatoka yamepinda.

Pacha wangu anaitwa Kimya. Wamempa jina hilo kwa sababu hajawahi kunyamaza. Ni mtu mzima, ana watoto watatu wa shule, na kabla sijamaliza wiki nilikuwa najua mumewe anakoroma kwa upande gani. Nampenda. Nilipokuwa sijui kitu alikuwa ananielekeza huku akisimulia mambo mengine kabisa, "basi yule jirani akaja, vuta kushoto, akaniambia, shusha mkono, eti anataka chumvi."

Na sasa ndiyo penyewe. Pale pacha wanakwenda likizo pamoja. Lazima. Mmoja akiondoka peke yake mwenzake atabaki amesimama na kona mbili mkononi akimsubiri nani? Kwa hiyo likizo za mwaka zinapangwa wawili wawili. Zaidi ya hapo, mgeni kama mimi haruhusiwi likizo yoyote mpaka amalize miezi ya majaribio, na yangu inakwisha mwezi wa kumi. Ziwa letu ni mwezi wa nane.

Nilipolijua hilo chakula kilinishinda. Fundi akasema niombe ruhusa kwa ajili ya jino, maana jino lake yeye liliheshimiwa sana na kila mtu. Nikakataa. Mama Pasi anasikia harufu ya shuka linaloungua kabla moshi haujatoka, uongo wangu angeusikia ningali getini. Nikawaza pia kuiacha kazi. Sikufichi, Shangazi, niliwaza hivyo. Nikasema kazi nitapata nyingine, shangazi sina mwingine. Nikafika mpaka mlangoni kwa Mama Pasi na maneno hayo mdomoni.

Akanitazama akasema, "Umekuja kazini au umekuja kuaga?"

Nikamwambia sijui. Nikamweleza yote, ziwa, vyumba viwili, kwamba umeshalipia, kwamba hujamshika mwanangu, na kwamba wewe ndiye yule wa shuka. Nilipomaliza akasema mwezi wa nane hawezi kunipa, hata angekuwa amenizaa mwenyewe asingeweza. Ila mwezi wa kumi na moja anaweza, endapo pacha wangu atakubali kusogeza ya kwake.

Likizo ya Kimya ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, shule zikifungwa, akae na wanawe. Hata kumuuliza niliona aibu. Lakini tukiwa tumeshika shuka nikamwambia, macho yangu chini. Shangazi, yule mama alinyamaza. Tukakunja la kwanza, hakusema neno. Tukakunja la pili. Watu wakaanza kugeuka, mmoja akaja kumuuliza kama anaumwa. Tukaendeana na la tatu, akanipa kona zake, akasema, "Wanangu wananiona kila siku mpaka wananichoka. Huyo shangazi yako mtoto hajamwona. Tutakwenda wa kumi na moja." Halafu akaendelea na habari za jirani na chumvi pale pale alipokuwa ameishia.

Nililia kwenye shuka la moto. Mama Pasi akasema kutoka mlangoni kwamba hayo mashuka yameshakaushwa, kama mtu anataka kulowesha avuke ukuta.

Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Sasa msikilize mkwe wako.

Kazini simu tunafungia kabatini mpaka zamu iishe. Nikamwomba Fundi awapigie watu wa nyumba ya wageni, awaombe watusogeze mpaka wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja, nami nikishajua inawezekana nikuombe wewe ridhaa. Akapiga. Jioni akanipokea na uso wa mtu aliyezibua bomba la mtaa mzima. Akasema kila kitu kimekwisha, wamekubali, hawadai hata cha juu, ni watu wazuri sana. Tukala kwa amani.

Kesho yake jioni akanipigia binti wa mapokezi wa ile nyumba ya wageni. Ana sauti ya upole, anaongea kama anakuogopesha kidogo asikuogopeshe sana. Akasema, "Samahani mama, naona ninyi mmehamia mwezi wa kumi na moja, lakini mama yenu mkubwa amebaki mwezi wa nane. Mmegombana?"

Nikamgeukia Fundi. Alikuwa anasafisha spana zake.

Nikamuuliza umehamisha vyumba vingapi. Akasema chetu. Nikamuuliza na kile kingine? Akasema kile si chetu. Nikamwambia ni cha Shangazi.

"Ndiyo maana," akasema. "Mimi nimpigie mtu simu nimwambie kitanda cha mkwe wangu kitoeni hapa kiwekeni pale? Una akili kweli?"

Na alikuwa anamaanisha, Shangazi. Hakuwa na utani hata chembe. Unamjua mwenyewe, huyu ni mtu ambaye ukipiga simu anasimama, na akiwa amevaa kofia anaivua, kana kwamba unamwona. Siku ile ya harusi ulimwambia kaa mwanangu, akakaa kwenye ncha ya kiti mpaka kiti kikainuka nyuma. Kugusa chumba chako aliona ni kukosa adabu, basi akatuhamisha sisi, akakuacha wewe ziwani peke yako unaangalia maji, na mlango wa pili umefungwa. Halafu mwezi wa kumi na moja tungefika sisi kuamkia kitanda kitupu.

Yule binti nilimweleza ukweli. Alicheka mpaka akaomba msamaha, akaenda kucheka mbali na simu, akarudi. Tena ni mtu mwema, nataka umjue hivyo. Akasema mwenye nyumba ameridhia kusogeza na chumba chako bila kudai chochote, ila hicho hawezi kukigusa mpaka wewe mwenyewe useme, kwa sababu wewe ndiye uliyelipia. Kwa sasa amekushikia pote pawili, mwezi wa nane na wa kumi na moja. Akataka akupigie. Nikamsihi asikupigie kwanza, nikamwambia Shangazi yangu asikie kwangu kabla hajasikia kwa mtu baki. Akasema sawa, lakini nisikawie sana, wageni wengine wanauliza.

Nami nimejaribu kukuambia, usifikiri sikujaribu. Nimekupigia mara mbili. Mara ya kwanza ulianza wewe, ukaniambia umemnunulia Bibi ndoo ndogo ya kuchezea mchanga na kofia ya jua yenye kamba, na kwamba ndoo umeiweka juu ya sanduku ili uione kila ukiamka. Nikaishia kukuuliza kama huko mvua inanyesha. Mara ya pili nikajikaza nikasema Shangazi kuna jambo, nawe ukaniambia, "Najua, unaogopa maji." Ukanituliza kwa muda mrefu sana, kwamba ziwa pembeni ni kina cha magoti na kwamba utanishika mkono. Nikasema asante Shangazi. Nikakata simu, Fundi akaniuliza amesemaje, nikamwambia amesema atanishika mkono.

Ndiyo maana nimechukua kalamu. Nikimaliza Fundi atazipiga picha hizi kurasa akutumie leo leo, kisha karatasi zenyewe nitazipeleka posta, maana najua unapenda kuzishika.

Ninachoogopa ni kimoja. Naogopa usije ukadhani nimekuweka nyuma ya mashuka ya watu. Naomba nikueleze kwa nini nimeishika hii kazi hivi. Upande wetu wa masafi yanapita pia ya wodi ya wazazi, na vile vitambaa vidogo vya watoto wachanga. Mimi nililazwa wodi ile ile nilipomzaa Bibi. Nakumbuka muuguzi alinifunika shuka lililokuwa bado na joto, nikalala kama sijawahi kulala. Siku ile sikujiuliza nani amelikunja. Sasa kila nikikunja ya wodi ile nayapanga kwa juu, yatoke kwanza yangali na joto. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Kimya aliona, hakuuliza, na yeye siku hizi anafanya.

Na nina kabati langu, Shangazi. Dogo, la chuma, lina ufunguo ambao naufunga na uzi shingoni. Sijawahi kuwa na kitu kinachofungwa ambacho ni changu peke yangu. Ndani kuna ndara, chupa ya maji na ile picha yako uliyopiga na mzee mkiwa bustanini, ambayo yeye hana miwani na wewe unaitafuta. Jioni narudi na mgongo unaouma na moyo uliotulia. Miaka hii yote nimekuwa nikichoka kwa kungoja. Nilitaka ukinikuta ziwani unikute nimechoka kwa kazi yangu mwenyewe, halafu ndiyo unishike huo mkono.

Kwa hiyo nakuomba. Zungumza na watoto wa huyo mzee, uwaulize kama wanaweza kukuachia mwezi wa kumi na moja badala ya wa nane. Wakikubali, mwambie binti wa mapokezi asogeze kitanda chako, na mimi nitaruka mpaka dari. Wakikataa niambie ukweli, usinifichie eti kwa kunionea huruma. Nimeshaongea na Fundi. Ikiwa huwezi kusogea, yeye na Bibi watakuja mwezi wa nane, turudishiwe ile tarehe ya kwanza, mimi nibaki na Kimya na mashuka. Fundi wiki nzima peke yake na mkwe wake atakonda, atakula amesimama, atalala na viatu. Lakini amekubali. Alimeza mate kwanza, ila amekubali. Wivu nitauona, nisiseme uongo. Lakini bora umshike bila mimi kuliko mwaka mwingine upite hujamshika.

Kazi sasa siiachi, hilo pia nikuambie, japo kuna asubuhi naamka nikijiuliza kama nimekukosea. Ukiona nimekukosea nitukane kwanza kwa sauti, kisha unisamehe, kama zamani.

Baba anakusalimu. Anasema likizo ni za watu wanaochoka, lakini nimemkamata mara mbili anauliza kama pale ziwani kuna kiti cha mtu wa ziada. Kimya anakusalimu pia, hakujui lakini anakuuliza kila siku kama umeshajibu, utafikiri wewe ni shangazi wa chumba kizima. Mama Pasi hatumi salamu kwa mtu, ila jana alinitazama akasema, "Bado?" nami nahesabu hiyo ni salamu. Nisalimie mzee wako, na yule rafiki yako mpishi anayekuonjesha mboga, mwambie aendelee hivyo hivyo maana kwenye picha umenenepa mashavu na imekupendeza.

Mungu akulinde goti na macho na hiyo roho yako, akuamshe kila siku na nguvu ya siku hiyo. Popote utakapoisomea barua hii, ujue upande huu kuna watu watatu wanaokula kwa amani kwa sababu yako.

Ni mimi, yule yule wa chumba chako cha nyuma, anayekupenda na

ngoja kidogo Shangazi, naitwa. Fundi ananiita kutoka uani. Namwona dirishani, amesimama wima, kofia ameshaivua, kwa hiyo najua ni wewe. Anasema uliwapigia wewe mwenyewe watu wa ziwani kuuliza habari za mito ya kulalia, wakakuambia yote. Anacheka, sijawahi kumwona anacheka akiongea na wewe. Anasema umemwagiza yeye, mkwe wako, tena umemwambia ni amri, aipige simu hiyo leo akakihamishe kitanda chako kwa mdomo wake mwenyewe, mwezi wa kumi na moja, kwa kuwa watoto wa mzee wameshakubali, na kwamba nikithubutu tu kuiacha hiyo kazi utanitukana kwa sauti, kama zamani.